Mnunuzi wa Alhamisi ya Theluji

Ivy Lofthouse alipofungua mlango wa nyuma asubuhi ile, theluji ilikuwa imefika kwenye kitasa, na neno la kwanza lililomtoka kinywani si la kuandikwa. La pili lilikuwa "Alhamisi." Akaufunga mlango, akavaa soksi juu ya soksi, gambuti za marehemu mume wake, koti la mume wake juu ya koti lake mwenyewe, na skafu aliyoizungusha kichwani mpaka zikabaki pua na macho. Kisha akatoa jibini lake kabatini, duara zito lililofungwa kwa kitambaa, akaliweka juu ya trei kubwa ya bati, akaifunga kamba, akatokea mlango wa mbele na kuanza kuiburuta kuelekea uwanjani kama mtu anayemvuta kondoo mkaidi.

Mgeni angemwona angesema akili za mama huyu zimemruka. Kwetu Aldersett hakuna ambaye angesema hivyo, maana sote tunajua habari ya Alhamisi. Soko letu tulipewa na mfalme, yule ambaye watoto wa shule huchapwa kwa kusahau jina lake na wazazi wao pia hawalikumbuki, na ruhusa yake ilikuja na mwiba ndani. Kila Alhamisi, tangu kengele ya saa nne mpaka saa ya kanisa igonge saa sita, lazima kitu kimoja kiuzwe chini ya Msalaba wa Siagi, mtu amuuzie mtu asiyeishi naye nyumba moja, kwa sarafu. Alhamisi moja ikipita kavu, ruhusa imekufa na soko linakwenda Skelby. Skelby, jamani. Watu ambao hukata jibini kama wanapasua kuni.

Kwa hiyo hatujawahi kupitisha Alhamisi. Mwaka wa tauni, wanunuzi walitumbukiza sarafu zao ndani ya siki, kwenye jiwe lenye shimo ambalo mbwa wa siku hizi wananywea maji, na siagi ikauzwa. Mwaka wa mafuriko, mwanamke mmoja aliuza bata akiwa amesimama juu ya meza, na wanaosimulia huongeza kwamba bata ndiye pekee aliyekuwa na raha. Wakati wa vita, ving'ora vikilia, Bi Agnes Stainthorpe, mama yake Ivy, alimuuzia yai polisi aliyekuja kumfukuza. Polisi alilipa, akaliweka yai ndani ya kofia, akaendelea kumfukuza.

Na huo Msalaba wenyewe, kama ndio unausikia leo, ni paa la mawe juu ya nguzo, na kule juu kuna kimsalaba kilichokatika mkono mmoja. Chini yake linazunguka benchi la mawe. Wanawake wa siagi wamelikalia tangu enzi na enzi mpaka jiwe limebonyea, kila bonyeo na ukoo wake. Bonyeo la akina Stainthorpe liko upande ambao upepo wa darajani haufiki sana, na hilo peke yake limeshaleta ugomvi wa kutosha kujaza mahakama. Bi Agnes alikaa hapo maisha yake yote. Alipofariki akakaa Ivy.

Alipofika uwanjani Ivy alimkuta Clement Haw, mpiga kengele wa mji, amesimama peke yake katikati ya weupe ule, na koti lake jekundu la kazi na kofia ya pembe tatu, kengele ameikumbatia kwapani.

"Unailea?" Ivy akamuuliza.

"Ulimi wake ukiganda haitalia," alisema Clement. "Nimelala nayo."

"Na mkeo?"

"Amelala na dada yake chumba cha pili. Amesema ilibidi achague kati ya chuma baridi na mimi, akaona wote ni baridi."

Ivy alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa zaidi ya ilivyompendeza Clement. Alimtazama mama huyo alivyoshika nguzo, akageukia kengele yake. Ivy Lofthouse ukimwambia anaumwa atakukatalia mpaka aanguke.

Saa nne ilipogonga, Clement alipiga kengele na kutoa wito wake kwenye uwanja mtupu: "Nani anauza? Nani ananunua?" Ivy akajibu kwamba anauza. Sehemu ya pili haikujibiwa na mtu. Wakashika chepe wakaanza kuondoa theluji miguuni pa Msalaba.

Hapo sasa lazima nimtaje Percy, ingawa Ivy mwenyewe alikuwa hamtaji. Percy Stainthorpe ni mdogo wake, tumbo moja, kitindamimba ambaye Ivy alimfuta kamasi zaidi kuliko mama yao alivyopata nafasi ya kumfuta. Ana duka la misumari na nyundo na rangi, na ndiye mwenyekiti wa baraza la mji. Majira ya kuchipua yaliyopita alisimama kikaoni akasema vijana wananunua magari na hawana pa kuyaweka, wanakwenda kufanya manunuzi Skelby, maduka yetu yanakufa, na uwanja wa soko ungefaa sana kuwa maegesho. Kusema kweli, na nasema nikiwa nimekunja uso, habari za maduka hakudanganya. Baraza likamwambia huwezi kuua soko la mfalme. Percy akasema haliui yeye. Soko likiwa hai litaachwa, ila siku likifa lenyewe, magari yataingia Alhamisi inayofuata. Wakapitisha hivyo.

Tangu siku hiyo Ivy alimnunia. Akimwona njiani anavuka barabara. Krismasi Percy alimpelekea bata bukini mnono, Ivy akamrudishia, ila ameshamchoma na paja moja halipo. Mji mzima ulijua kwamba huo ndio ujumbe pekee uliopita kati yao mwaka huo.

Basi, walipokuwa bado wanapiga chepe, akatokea Bessie Thwaite, jirani wa Ivy, amezama mpaka magotini, amekumbatia kikapu cha mitungi ya jemu. Uso wake uling'aa kwa ushujaa. "Nilisema moyoni, maskini soko, hakuna atakayekwenda kuuza," alisema. "Nikasema, Bessie, inuka." Nyuma yake akaja Wilf Dinsdale, mwenye baa ya uwanjani, na chupa kubwa ya mayai ya achari ambayo wateja wake wamekataa kuyala tangu mavuno. Naye alisema moyoni maskini soko. Mwisho akaja Kasisi Aske, mrefu, mwembamba, na fungu la karoti zilizopinda alizozichimbua bustanini mwake kwa sururu. Yeye alisema maneno yaleyale, ila aliyasema kwa Kilatini kidogo.

Wakapanga bidhaa zao kwenye benchi, Ivy kwenye bonyeo lake na wale watatu kwenye mabonyeo yasiyo yao, na kwa siku hiyo hakuna aliyegomba. Bessie alikuwa na chupa ya chai ya moto, ikazunguka. Walikaa wakisengenya Skelby, wakitaniana. Wilf alimuuliza Kasisi kama karoti zile zimepinda kwa dhambi, Kasisi akasema zimepinda kwa kutazama upande wa baa. Ivy alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya kuona watu wake wamekuja. Alikohoa, akanywa chai, akakohoa tena. Kila mmoja wao alikuwa anangoja wanunuzi, na kila mmoja aliamini wako njiani.

Clement ndiye aliyeitazama saa ya kanisa. Mshale mrefu ulikuwa umebakiza robo. Akasafisha koo.

"Nani ananunua?" akauliza.

"Mimi ninauza," alisema Bessie.

"Wote mnauza, Bessie. Nauliza nani ananunua."

Wilf akapiga mifuko ya koti lake. Kasisi naye akapiga yake. Bessie akaangalia ndani ya kikapu kana kwamba pesa huota kwenye jemu. Hakuna aliyekuwa na senti, na hawakuzisahau nyumbani. Walizitoa mifukoni kwa makusudi kabla ya kufunga milango yao, kwa sababu kwetu muuzaji haji Msalabani na sarafu. Aproni lazima iwe tupu mpaka ije sarafu ya kwanza ya siku, ambayo muuzaji huitemea mate, akaiinua juu, ndipo kengele ilie kwamba soko li hai. Ukija na pesa zako umelitia soko nuksi, na mpiga kengele, aliye shahidi, haruhusiwi kununua. Hata mtoto wa Aldersett anajua hilo. Watu wanne walikuwa wamepigana na theluji kuja kuliokoa soko, na wote wanne walikuja kuliokoa kwa upande uleule.

"Tubadilishane," alisema Wilf. "Jemu kwa mayai."

"Huo ni ujirani," alisema Clement. "Si soko."

"Nikopeshe basi, nitalipa kesho."

"Kesho ni Ijumaa."

"Kasisi, wewe una sadaka."

"Sadaka iko kanisani, na si yangu," alisema Kasisi. Alitoa mkono mfukoni, akaufungua. "Nina kifungo. Kiliwekwa kwenye sahani Jumapili." Akamtazama Wilf. Wilf akatazama karoti.

"Fungua baa yako, chukua pesa kwenye droo," Bessie akamwambia Wilf.

"Ufunguo wa droo uko shingoni kwa Doris, mke wangu. Shingo yenyewe iko Skelby, kwa dada yake."

"Skelby?"

"Dada yake anaumwa."

"Hata kama," alisema Bessie.

Benki nayo ilikuwa palepale inawatazama, na milango yake ya shaba, ila meneja, kwa aibu yetu, anaishi Skelby pia. Wakamuuliza Kasisi kama hawezi kupanda mnarani akaushika mshale wa saa, akajibu kwamba anaogopa ngazi kuliko dhambi. Mwishowe Bessie akasema nyumba yake ndiyo ya karibu, anakimbia. Siku nyingine angekwenda na kurudi kabla birika halijachemka. Siku hiyo alifika kona ya kanisa akazama mpaka kiunoni, Wilf akaenda kumvuta, naye akazama, na kutoka Msalabani zikawa zinaonekana kofia mbili zinazogombana.

Ivy hakucheka. Alikuwa ameweka mikono juu ya jibini lake na baridi imemwingia mpaka kwenye mifupa, na alichokiona ni magari. Aliyaona yamejipanga pale alipokaa mama yake na bibi yake, yamezimwa, hayamsalimii mtu. Akajisemea, itakuwa mikononi mwangu. Vita vimepita, tauni imepita, na soko litakuja kuvunjika mikononi mwa Ivy Lofthouse kwa sababu hakuna mtu mwenye senti.

Ndipo akamsikia Bessie anamshukuru mtu. Percy Stainthorpe alikuwa anakuja kutoka upande wa kanisa, kofia nyeusi, uso mwekundu, mkono mmoja amemshika Bessie na mwingine Wilf, amewavuta wote wawili kutoka kwenye lile shimo. Na Percy hakuja kuuza. Mifuko yake ilikuwa mifuko ya mtu wa kawaida, yenye sarafu.

Wote wakakisikia kitu kilekile moyoni, halafu wote wakamtazama Ivy.

"Dada," alisema Percy.

Ivy alilitazama jibini. "Mwambieni mwenyekiti kama anataka kununua ashike foleni."

"Foleni gani? Hakuna mtu."

"Basi ashike nafasi ya kwanza."

"Sikuja kununua," alisema Percy. "Nimekuja kukuchukua. Kikohozi chako nimekisikia tangu nikiwa kule juu. Inuka twende nyumbani."

Wilf alimsogezea chupa. "Yai moja tu, Percy. Kwa ajili ya mji."

"Wilf, hayo mayai hata ya bure siyataki. Dada, inuka."

"Umekuja kuhakikisha limekufa," alisema Ivy. "Umekuja kulipima mapigo."

Percy alikung'uta theluji mikononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini uwanja ulikuwa umetulia sana na kila mtu alimsikia. "Nikisimama hapa nisifanye lolote mpaka saa igonge, basi, imekwisha. Hutakaa tena kwenye jiwe hili maisha yako yote. Unadhani sikulifikiria hilo njia nzima?"

"Kwa ajili ya magari."

"Magari?" Percy akavua kofia. "Mimi hata gari sina, Ivy. Mwaka mzima umeninunia na hujawahi kujiuliza hilo. Nilirudi kutoka jeshini nikamkuta mama amelala, hana hata pumzi ya kuniita jina. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa theluji kama hii, na Alhamisi kama hii, na alikaa hapo ulipokaa mpaka nimonia ikamshika. Jiwe hilo lilimla mama yangu. Na sasa naona wewe umelikalia palepale, unakohoa vilevile. Ningekuwa na uwezo ningelipasua kwa nyundo. Sina ruhusa ya nyundo, nilikuwa na kura, nikatumia kura."

Kasisi alikuwa anaziangalia karoti zake. Clement aliihamisha kengele kwapa la pili.

Ivy alikuwa amekaa na mdomo wazi kidogo, na maneno yote yalikuwa yamemfika ulimini, tayari. Maana siku ile ya mama yao alikuwepo, Percy hakuwepo. Siku ile siagi ilikuwa imekwisha mapema, sarafu imetemewa, kengele imelia, na soko lilikuwa limeshapata haki yake. Ivy alikuja na blanketi kumchukua mama, na mama akakataa. Zilikuwa zimeletwa habari kwamba Percy amepata likizo na yuko njiani, atafika na treni yoyote atakayoipata. "Akishuka stesheni atakuja hapa kwanza," mama alisema, amejikunyata, midomo imekuwa ya buluu. "Tangu alipokuwa anatoka shule huja hapa kwanza. Asinikute?" Akakaa mpaka giza. Treni ilikuwa imekwama kwenye theluji huko milimani, na Percy akafika siku nyingine, mama yuko kitandani.

Ivy hakumwambia mtu, hata mumewe. Na sasa alielewa, kwa mara ya kwanza, kile ambacho Percy amekibeba, na akaelewa pia kwamba anaweza kumtua mzigo huo. Si jiwe, Percy. Si Alhamisi. Ilikuwa wewe. Maneno machache tu, na mdogo wake angekosa sababu ya kulichukia soko, na huenda angeingiza mkono mfukoni papo hapo. Soko lingepona.

Akamtazama. Pua ilikuwa nyekundu, na imeanza kuchuruzika, na alikuwa haifuti kwa sababu alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Mwenyekiti mzima wa baraza. Ivy alimpenda kwa uchungu, hapo hapo, kama ambavyo hakuwa amempenda tangu mwaka ule wa mazishi ya mama, na akayameza yale maneno yote.

Akaanza kulifunga jibini lake.

"Ivy," alisema Clement, "bado hazijaisha dakika."

"Naziona, Clement. Mimi nimefunga." Akaufunga kitambaa fundo, akashika nguzo, akasimama. "Haya, Percy. Umesema twende, twende."

"Hivyo tu?" alisema Percy.

"Baridi imenishinda. Nishike mkono, miguu imekufa ganzi."

Bessie alianza kulia bila sauti. Wilf alifunika chupa yake ya mayai. Na Percy alisimama pale hajamshika mkono dada yake, anamtazama tu. Alimjua. Alijua kwamba Ivy Lofthouse hajawahi kuinuka kwenye benchi lile kabla ya saa yake, kwa mvua wala kwa mawe, na kwamba siku ya mazishi ya mume wake aliuza siagi asubuhi na kuzika mchana. Sasa ameinuka kwa sababu yeye amemwambia ainuke. Alichokuwa anakililia mwaka mzima amepewa, kimewekwa mkononi mwake mbele za watu.

"Kaa chini," alisema Percy.

"Amua moja, bwana. Nikae au niende?"

"Kaa, dada. Nionjeshe."

Ivy akakaa. Fundo la kitambaa lilimsumbua vidole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akakata kipande chembamba, akamnyooshea kwenye ncha ya kisu, kama inavyopaswa, na Percy akainama akakipokea kwa midomo. Akatafuna. Akafumba macho muda mrefu kuliko jibini lile lilivyohitaji.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Nenda Skelby basi, wakupe la sabuni."

"Nalichukua lote."

"Lote? Wewe na nani?"

"Dada, saa," alisema Percy.

Akatoa sarafu. Ivy akaipokea, na mate yalikuwa yamemkauka kwa ile hofu yote, ikabidi Bessie ampe tone la mwisho la chai kwanza. Akaitemea, akaiinua juu ya kichwa chake. Clement Haw aliipiga ile kengele kama mtu aliyepania kuivunja, akapaza sauti kwamba soko li hai, na alikuwa bado anapiga saa ya kanisa ilipogonga juu yake. Kasisi alimkumbatia Wilf, jambo ambalo wote wawili hawalitaji mpaka leo.

Percy aliliweka jibini kwenye trei, akaishika kamba kwa mkono mmoja na dada yake kwa mkono mwingine, wakashuka taratibu. Bessie alijua kukaa nyuma, kwa mara moja katika maisha yake.

"Kura yangu siibadilishi hivihivi," alisema Percy walipopita benki. "Maduka yanakufa kweli."

"Yanakufa, najua. Njoo Jumapili tugombane vizuri, nitachoma bata."

"Mwenye mapaja mawili?"

"Tutaona."

Wakatembea kidogo. Trei ilikwama, Percy akaivuta.

"Theluji ikianguka tena Alhamisi," akasema, hamtazami, "utabaki ndani. Nitakaa mimi."

"Wewe? Mwenyekiti? Hujui hata kukata."

"Utanifundisha. Damu si ni ileile? Bonyeo halitanikataa."

Ivy alikohoa ili apate la kufanya. Walikuwa wamefika karibu na mlango wake Percy aliposimama, na alipouliza, aliuliza kama mtu aliyekuwa na swali hilo mfukoni miaka na miaka.

"Siku ile, ulimwambia mama abaki nyumbani?"

"Nilimwambia. Nilikuja na blanketi kabisa."

"Akasema nini?"

Ivy alimtazama usoni, na hakupepesa macho. "Akasema Alhamisi ni Alhamisi," alisema. "Akanifukuza."

Percy akatikisa kichwa, na kidogo akatabasamu, tabasamu la mtu anayemwona mama yake mbele yake. "Ndivyo alivyokuwa," alisema.

"Ndivyo alivyokuwa," Ivy akamjibu, akamshika mkono vizuri zaidi, kwa sababu ngazi za mlangoni zilikuwa zinateleza.